Mtama wa Mzaliwa wa Kwanza

Jumatatu, 3 Machi 2025, Ziwa
Mwaka wa ishirini na mbili tangu mafuriko ya mto Nzoia yanitoe Budalangi, nikahamia huku Ziwa, nyanda za juu. Asubuhi mdogo wangu Wandera amepiga simu. Mvua imewahi! Shamba limelimwa, mtama upo, lakini kwa mila yetu hakuna wa kupanda kabla mzaliwa wa kwanza hajatia mbegu ya kwanza. Mzaliwa wa kwanza ni mimi. Anasema niende upesi. Mtama ukichelewa, maji ya Agosti yataukuta shambani kama mwaka jana, na watoto wake watalala njaa tena.
Nilisema nitafikiria. Chai yote imemwagika kwenye suruali. Kulala kando ya mto ule? Siogopi maji. Siyaamini tu.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata! Nitapanda kwa simu. Wandera aweke simu juu ya tuta, mimi nitamke, yeye aangushe mbegu. Mkono wake, mamlaka yangu.
Kwa bahati mbaya Mama Jepkemboi, anayenikodisha shamba, alisikia kila kitu kutoka upande wa pili wa ua. Aliuliza, Je, Mzee, na kupalilia utapalilia kwa simu? Alicheka mpaka akashika nguzo. Yeye anayepanda mahindi mwaka baada ya mwaka, bila hata mstari mmoja wa maharagwe! Mimi nina matuta, nina matandazo ya nyasi, nina samadi iliyooza vizuri. Nilimwambia kwamba udongo wake unaoshwa na mvua, unaingia Nzoia, na Nzoia inaumwaga chumbani kwetu. Akasema basi niende nikauchukue.
Jioni, jibu la Wandera. Wazee wa ukoo wamekataa. Wanasema simu haikuzaliwa na mama yetu.

Jumamosi, 8 Machi
Usingizi hakuna. Kila wingu likielekea magharibi naona sahani tupu za watoto wa Wandera.
Lakini koti! Koti langu la kijivu, lililovaliwa miaka yote hii, ni mimi mwenyewe ila miguu. Wazee watasema nini? Nimejaza mfuko wa kulia mtama mwekundu niliouhifadhi kwenye majivu, nikashuka Eldoret, nikalituma kama kifurushi. Wandera alivae, atoe mbegu mfukoni, apande. Karani aliuliza kama ndani kuna kitu cha kuharibika. Nilimwambia kuna mzaliwa wa kwanza. Hakucheka.
Nilirudi Ziwa bila koti, mvua ikinipiga. Mama Jepkemboi aliuliza kama nimeshafika Budalangi.

Alhamisi, 13 Machi
Msiba! Kifurushi kilikaa chini ya paa linalovuja. Wandera amekichukua leo. Mtama umeota mfukoni.
Wazee wamekaa kikao: je, mfuko ni shamba? Nusu wanasema nimeshapanda, nusu wanasema nimelaani ukoo. Nilikuwa naandaa hoja zangu simu iliponyang'anywa na Akumu, mke wa Wandera. Aliniambia, Shemeji, mvua haina mzaliwa wa kwanza. Alipanda Jumamosi iliyopita alfajiri, wanaume wakiwa bado wanajadili mila. Mtama wa muda mfupi, kunde katikati, matuta yameinuliwa. Tayari umechungulia. Hakuna aliyekufa kwa kuvunja mila, hata kuku.
Nilikaa chini pale pale kwenye matandazo. Mtama utawahi mto. Watoto watakula. Nilifurahi.

Jumapili, 16 Machi
Baada ya ibada nilimpigia Wandera. Nilitaka kumkumbusha kwamba mtama mpya hauliwi kabla mzaliwa wa kwanza hajauonja. Alikohoa. Alisema, Usijisumbue kusafiri, kaka, tunza kifua chako na baridi ya huko. Hakusema wataningoja.
Ni sawa. Nimeshapanga. Wapike ugali, waufunge kwenye majani ya ndizi, waupakie kwenye basi la asubuhi. Mimi nitauonja hapa Ziwa, kisha nipige simu kuwaruhusu waanze kula. Ukifika ukiwa baridi, nitaupasha moto. Sioni kasoro.
Kwetu sitarudi.