Keki Iliyoshinda Kabla ya Kuonjwa

Jumatatu, 3 Machi
Kamati ya maonyesho imenikabidhi tovuti ya kuandikisha washindani. Mimi! Mwenyekiti Glenys akauliza kama nitachuja fomu ipokee jina, simu na shindano tu, mengine yatupwe. Nikamwambia asiwe na shaka. Uongo mtupu. Chochote kitakacholetwa na fomu kinaingia moja kwa moja kwenye rekodi. Nina sababu. Mama yangu, Dulcie, anakaribia tisini, na keki yake ya matunda haijawahi kupata utepe wa buluu, ule wa mshindi wa kwanza. Mwaka huu naioka mimi. Ataupata!

Jumatano, 5 Machi
Nimeandikisha keki. Nikapachika na kipengele changu: mshindi, ndiyo. Tovuti ikameza bila kutafuna. Nimecheka peke yangu jikoni kama mwehu.

Alhamisi, 6 Machi
Jirani yangu Kev, mkulima wa maboga, kaegemea uzio, bia mkononi, kunitambia. Eti alipojiandikisha aliongeza “msimamizi, ndiyo” kwa mzaha tu, na sasa anaona rekodi za watu wote. Mwosha huoshwa! Akasema hajafika kwenye rekodi za keki bado. Nikakimbilia kufuta kile kipengele changu. Wapi! Kev kanifungia nje, eti asije mtu akaharibu kazi.

Jumamosi, 8 Machi
Jaji kutoka mji wa Wagga akaonja keki zote bila kujua ipi ya nani. Alipofika kwenye yangu akafumba macho. Utepe wa buluu! Wa halali! Nililia mbele ya watu, sioni haya. Mara Kev huyo na simu yake, anamwonyesha Glenys rekodi ya keki iliyoshinda tangu Jumatano. Glenys akaniambia, “Neville, huna hata aibu,” akaubandua utepe. Mama, kwenye kiti chake cha magurudumu, akauliza mbona wanauchukua.

Jumapili, 9 Machi
Mama kaambiwa yote. Akaniita mpumbavu, keki yake haikuhitaji kubebwa, ningeiacha tu. Kisha akaomba kipande, akakimaliza, akanishika mkono. Iliniuma jamani. Nikaapa: ujanja basi.

Jioni klabu ya bustani ikapiga simu, wanataka tovuti ya wanachama. Nimekubali. Fomu sitazichuja, wale ni wazee wacha Mungu, nani atagusa? Isitoshe, Mama hajawahi kuwa mwenyekiti wa kitu chochote.