Hondohondo Yangu na Adhana ya Tukuyu

Jumatatu, 6 Februari 1995

Assalaam alaykum wewe unayefungua daftari hili. Hujambo? Afya yako? Wa nyumbani wazima wote? Mimi mzima, alhamdulillah, ila mgongo kidogo, na tumbo linanguruma kwa sababu ya mfungo. Kama wewe ni mama Nusrat, yaani Sophia mke wangu, lifunge sasa hivi, urudi jikoni. Kama si yeye, sogea nikunong'oneze.

Jibu limekuja! Baada ya barua zangu zote, kampuni ya redio za Hondohondo ya Dar es Salaam imenijibu. Inatafuta wakala hapa Tukuyu. Ofisa wao, Bwana Emiliani, yupo Mbeya, na wiki ijayo atashuka kuniona. Mimi! Zuber fundi cherehani, niliyemalizia kusoma kwenye elimu ya watu wazima!

Uwakala ni wangu. Nani mwingine anaijua Hondohondo kama mimi? Yangu niliinunua enzi za foleni, kwenye duka la ushirika. Nilipanga nikidhani ni foleni ya sabuni. Hatujaachana mpaka leo. Nitakwambia kweli kwa kuwa tuko wawili tu. Kidude cha kutafutia stesheni kilidondoka mapema, nikakipachikia kifungo cha koti. Mkono wa kubebea ulikatika, nikaushonea wa jinzi. Mfuniko wa nyuma nimeufunga kwa uzi. Inakula betri kubwa sita kama ng'ombe aliyefunguliwa kwenye migomba. Mvua ikinyesha inakaanga, na hapa Tukuyu mvua hainyeshi, ni mwenyeji. Yote hayo nimewaandikia kwa upendo, kama mzazi anavyomsema mtoto wake. Hawajarekebisha hata moja. Kampuni nzuri sana.

Shida ni Khalidi. Duka lake linatazamana na cherehani yangu. Tangu biashara iwe huria amejaza redio kaseti za Dubai, zinameta kama meno ya dhahabu. Leo katangaza mbele ya wateja wangu kwamba Hondohondo si redio, ni kabati lenye kikohozi. Wakacheka! Mmoja nilikuwa nampima suruali. Kwa hasira nikaandika kiuno mahali pa urefu.

Jumatano, 8 Februari

Nikueleze jambo, maana huenda wewe si wa huku. Mwezi huu jua hatulioni. Asubuhi ukungu, mchana mvua, jioni ukungu umerudi na ndugu zake. Utajuaje Maghribi imeingia? Sisi tuna utaratibu wetu. Kila jioni naibeba Hondohondo mpaka baraza ya msikiti. Redio inatoa adhana ya Dar es Salaam. Hiyo si yetu, jua la Dar linatangulia kuzama. Kwa hiyo redio ikiadhini, hakuna anayegusa hata tende. Hapo ndipo Mzee Uwesu, mwadhini wetu, anaanza kusoma sura ya Yasini, taratibu, mpaka mwisho. Akimaliza, anapanda ngazi na kuadhini ya kwetu. Tunafungua. Saa yake ya mkononi ilikufa zamani, hajaililia. Watoto wote hapa wanajua: adhana ya redio ni ya kumeza mate, ya Mzee Uwesu ni ya kumeza uji.

Sasa mpango. Bwana Emiliani nimemwalika kufuturu nasi Jumanne. Atakuta msikiti mzima umeinamia Hondohondo. Akiona hivyo, ataomba kalamu mwenyewe aniandike wakala.

Vikwazo viwili. Kwanza, leo redio imekaanga kuliko siku zote. Adhana imetoka kama mtu anayeita akiwa ndani ya mashine ya kusaga. Mtu mmoja kauliza kama ni adhana au matangazo ya vifo. Khalidi hapohapo akajitolea kuleta mashine yake. Nikasema hapana. Wazee wakanitazama. Nikasema tena hapana!

Pili, Bwana Emiliani ametuma salamu kwamba ana kazi Kiwira, atachelewa, atafika karibu na kufungua. Adhana ya Dar itakuwa imeshapita. Ataonyeshwa nini? Kabati?

Sikati tamaa.

Ijumaa, 10 Februari

Nimepata! Mola anisamehe, wazo limenijia katikati ya hotuba. Kaseti! Nitairekodi adhana ya redio siku ambayo imetoka safi, nitaihifadhi, na gari la Bwana Emiliani likifika tu, naipiga.

Mashine ya kurekodia ni moja tu ninayoweza kuipata. Ndiyo. Ya Khalidi.

Nimevuka barabara kama mgonjwa anayekwenda kuchomwa sindano. Nikamwambia nataka kumrekodia shangazi yangu wa Mpuguso salamu, miguu haimruhusu kusafiri. Khalidi akacheka mpaka akashika kaunta. Eti, karibu fundi, nilijua mtakuja mmoja mmoja. Akanipa mashine, akachomoa betri zake. Nikauliza je, betri? Akasema mashine ni ujirani, betri ni biashara.

Usiniwazie uongo ndani ya funga. Upande wa pili wa kaseti nimerekodi salamu za shangazi, ndefu, na kumuuliza habari za ng'ombe wake. Basi nilichosema ni kweli.

Jumapili, 12 Februari

Adhana ninayo! Nimerekodi jana, msikitini nikasema najisikia homa, nikampa jirani Hondohondo aipeleke. Safi mno. Mama Nusrat alisikia adhana inatoka chumbani mara tatu mfululizo, akauliza kama nimehamishia msikiti chini ya kitanda. Nikamwambia ni kazi za uwakala.

Betri zimenitesa. Za kurekodia niliazima kwenye tochi za majirani, wameshazidai. Nzuri ninazo sita tu, zile zilizomo ndani ya Hondohondo. Za zamani ningezianika juani zirudishe nguvu, lakini jua lenyewe liko wapi? Nikazipanga jikoni pembeni ya moto. Mama Nusrat kazikuta karibu na magimbi, kidogo azimenye. Zimevimba, zimetoa machozi meusi. Hazifai.

Basi nimeamua. Zile sita nzuri zitaingia kwenye mashine ya Khalidi, nayo nitaificha chini ya meza nimeizungushia kitenge cha mteja. Hondohondo itakaa juu ya meza, antena imesimama, kama bwana harusi. Kazi yake ni kukaa tu.

Nimejihoji vizuri. Adhana ni ya kweli, imetoka kwa mtu mwenye sauti na imani. Na italia wakati jua la hapa kwetu limezama kweli. Kwa mara ya kwanza redio itaadhini wakati halisi wa Tukuyu! Dhambi iko wapi? Nimeitafuta, sijaiona.

Jumatano, 15 Februari

Jana sikuandika. Leo naandika.

Baraza ilijaa. Mvua ya kwikwi. Ndoo za uji zinatoa moshi, tambi, magimbi, ndizi. Wakati wa Dar ukafika, Hondohondo kimya. Watu wakaniangalia. Nikasema leo Dar wamechelewa. Mmoja akauliza, jua limechelewa? Nikasema matangazo, matangazo. Mzee Uwesu akatikisa kichwa, akaendelea na tasbihi yake. Tukasubiri. Giza linashuka. Nikakigusa kitenge chini ya meza kwa kidole cha mguu.

Gari! Limejaa tope mpaka madirishani. Akashuka Bwana Emiliani, mtu mpole, koti limelowa. Ni Mkristo, lakini akasema toka asubuhi hajala, kwa kutuheshimu. Akakaa mkabala na sinia la tambi, akalitazama kama ndugu aliyepotezana naye. Nikaingiza mkono chini ya meza kama mtu anayejikuna goti. Nikabonyeza.

Adhana! Safi kama maji ya Kiwira! Bwana Emiliani akaruka kidogo. Akasema miaka yote aliyokaa kwenye kampuni hajawahi kusikia Hondohondo ikizungumza hivi, hata kiwandani. Akanishika bega. Wakala! Nilishajiona na muhuri. Adhana ikaisha, nikajikuna goti tena nikairudisha kaseti mwanzo, nikasoma dua, nikanyoosha mkono kwenye tende.

Mzee Uwesu akanidaka kifundo cha mkono.

“Gwe Zuber! Hiyo ya Dar.”

Na akafungua Yasini.

Yasini! Nimekueleza mwenyewe habari za Yasini, hapo juu, Jumatano, na nimeisahau! Maghribi yetu imeshaingia, na msikiti mzima unaanza kuisubiri upya. Nikisema wakati ni huu, wataniuliza nimejuaje. Nisiposema, hawa watu wa Mungu wakeshe na njaa?

Nikajaribu kwa upole. Nikasema mbona giza limeingia. Mzee Uwesu, bila kuinua macho, akasema ni ukungu. Nikasema kuku wameshalala. Akasema kuku wa Tukuyu wanalala saa tisa. Nikaanza kusoma naye kwa sauti, mbiombio, labda nitamvuta. Akapunguza mwendo zaidi, kunifundisha adabu ya kusoma. Uji ukaacha kutoa moshi. Mtoto mmoja akalia, mama yake akambembeleza kwamba bado babu anasoma. Khalidi alikuwa akiniangalia muda wote. Mtu anaijua sauti ya mashine yake kama ya mwanawe. Alikuwa anatabasamu, lakini midomo imemkauka.

Bwana Emiliani, kuidanganya njaa, akaipakata Hondohondo aipende vizuri. Akasifu kifungo cha koti. Akasifu mkono wa jinzi. Akaigeuza. Nikamwambia huko nyuma hakuna kitu cha kuona. Ndivyo ilivyokuwa, hakukuwa na kitu! Akafungua uzi.

“Mzee Zuber,” akasema kwa adabu sana, “hii haina betri.”

Yasini ikakatika. Toka nimzoee Mzee Uwesu sijawahi kusikia ikikatika. Khalidi akainama, akavuta kitenge, akainua mashine yake juu kama mtu aliyepata mtoto aliyepotea. Ikabonyezeka. Ikaanza kumwadhinia kila mtu tena.

Kutoka upande wa wanawake, sauti ya mke wangu: “Baba Nusrat! Kwa hiyo Maghribi imeshaingia?”

Nikasema imeingia.

“Tangu lini?”

Nikasema tangu mgeni afike.

Sitaandika yote yaliyosemwa. Mengine yalikuwa kwa Kinyakyusa, tena ya ndani kabisa. Mzee Uwesu akaadhini akiwa bado anapanda ngazi. Uji ulikuwa umeota ngozi, unaweza kuwamba ngoma. Watu wakala, na sinia la tende likazunguka baraza nzima likaniruka. Wazee wakaamua palepale: Hondohondo ipumzike nyumbani mpaka Idd, zamu ni ya mashine ya Khalidi.

Baada ya swala nikamfuata Mzee Uwesu kumwomba radhi. Hakunigombeza. Akasema amenisamehe. Ila ameishi akiwahi kufungua funga, kama tulivyofundishwa, na ya jana haiwezi kurudi akaiwahi tena. Akaondoka taratibu na fimbo yake. Hilo liliniuma kuliko yote. Usingizi sikuupata kabisa, mpaka nilipoupata.

Bwana Emiliani alikula vizuri, akacheka mpaka akafuta macho, akashukuru. Kisha akampa uwakala Khalidi. Eti ana duka, ana rafu, na mashine zake zina betri.

Khalidi! Aliyeiita kabati lenye kikohozi!

Ijumaa, 17 Februari

Khalidi kashaweka Hondohondo mpya dirishani. Anawaambia wateja hakuna redio imara kama hii, ni maneno yangu hayo, kayachukua bila hodi. Kanipa kazi ya kushona kitambaa chenye jina la kampuni. Nimekishona kwa uzi mwekundu, mishono midogomidogo. Mama Nusrat kauliza kwa nini najitesa. Nikamwambia kazi ya Hondohondo haishonwi kwa hasira.

Nimekwenda kuitazama ile mpya. Kidude cha stesheni kimeshadondoka. Roho yangu ikatulia, ni kampuni ileile!

Mama Nusrat kaniuliza pia, mbele ya watoto, kama nimejifunza. Nimejibu nimejifunza sana. Nimekaa nimechambua mambo yote moja baada ya jingine, kwa dua. Na nimeliona kosa.

Sikiliza. Idd inakuja. Mwezi ukiandama hapa, nani atauona na ukungu huu? Tunangoja redio itangaze. Mwaka jana tangazo hilo alinirekodia Sunday, kijana anayeuza kaseti pale Kiwira. Kaseti anayo mpaka leo, na mashine anayo, naye si Khalidi. Hebu fikiria: Bwana Emiliani amekaa barazani, watu wote wanatazama ukungu, na Hondohondo yangu inatangaza mwezi! Uwakala wa Khalidi utasimama wapi?

Barua nimeshaiandika, nainakili hapa ibaki:

“Bwana Emiliani, salaam. Hujambo? Koti limekauka? Sisi wazima. Mimi bado ni mteja wenu wa tangu zamani, na sina kinyongo na kampuni. Nakukaribisha Tukuyu siku ya kungoja mwezi wa Idd, uone mwenyewe uwezo wa Hondohondo ikipewa nafasi. Kosa la safari ile nimelipata, lilikuwa betri tu. Safari hii nitaweka kwenye mashine zote mbili. Tafadhali nijibu mapema.”