Sayari Tano Juu ya Oldeani

Jumatatu, 29 Aprili 2002
Redio imesema sayari tano zinaonekana kwa macho tu, magharibi, jua likishazama. Karatu nzima imesikia. Mwenye akili ni mimi peke yangu. Nimemwambia Mama Brigita, mwenye kampi ya watalii, kwamba nitawaonyesha wageni sayari bila darubini. Akauliza nimesomea wapi. Nikasema kwetu Marangu tuko karibu na mbingu. Akaguna. Akasema nijaribu Jumamosi: nikiweza, natoka jikoni na kuwa mwongozaji wa jioni, nikishindwa, ni viazi mpaka nizeeke. Brian, dereva wetu, amecheka mpaka akaegemea Land Rover. Acheke.

Jumatano, 1 Mei
Sikukuu ya wafanyakazi. Nimemenya viazi. Jioni nikatoka kuangalia mbingu. Zuhura inawaka. Mirihi na Zohali ziko jirani yake, Mshtarii juu zaidi. Bado Utaridi. Hiyo hukaa chini kabisa, na chini kabisa kuna mlima Oldeani, umejifunika wingu la masika. Mama Brigita, mzaliwa wa Ganako, kasema wingu hilo analijua, halitoki leo wala kesho, nitangaze nne. Nne! Redio imesema tano. Sipunguzi.

Ijumaa, 3 Mei
Brian ananiita Profesa mbele ya wageni. Nimekariri kanuni: nyota humetameta, sayari hutulia. Nimepiga pasi shati la kanisani.

Jumamosi, 4 Mei
Wageni wamekaa, Mama kiti cha mbele. Sayari nne nikazionyesha bila kukosea. Makofi. Mama akatabasamu, mara ya kwanza tangu aniajiri. Ikabaki Utaridi, na wingu pale pale. Mara, chini ya wingu, mwanga. Mweupe, umetulia, haumeti hata kidogo. Nikanyoosha kidole: Utaridi hiyo!

Mgeni mmoja akauliza mbona inatembea. Nikamweleza kwamba hakuna sayari yenye mbio kama hiyo. Ikakata kona. Zikawa mbili. Nikasema hutokea. Baadaye Utaridi ikaingia getini na kupiga honi, akashuka Brian, kachelewa kutoka kreta, anauliza kama chakula kimebaki. Wageni wakacheka hadi machozi. Mama hakucheka. Alinionyesha jikoni kwa kidevu.

Jumapili, 5 Mei
Brian ndiye mwongozaji wa jioni. Wageni wamemwomba wenyewe. Imeniuma, tena sana, lakini kosa si langu, ni la mlima. Nimeacha kazi. Kesho nashuka Mto wa Mbu, kuna kampi nimeitumia salamu kwamba nitawaonyesha wageni wao sayari sita. Wamejibu kwamba kwao magharibi yote imezibwa na ukuta wa Bonde la Ufa, jua lenyewe huwapotea mapema. Watu waoga hawa. Ukuta si mlima.