Kibali cha Jiwe Kuanguka

Ilitangazwa Jumatatu, kwa barua yenye mihuri mitatu, kwamba kuanzia siku hiyo hakuna jiwe la gofu lolote katika bonde la mto Mosel, Ujerumani, litakaloruhusiwa kuanguka bila kibali.

Tangazo hilo lilikuwa limechelewa mno. Kwa zaidi ya miaka mia tatu mawe ya ngome ya Wolkenfels yalikuwa yakianguka ovyo, kila moja kwa wakati wake, bila hata kutoa taarifa. Sasa jiwe lenye nia ya kuanguka litaomba wiki nane kabla, kwa nakala mbili. Vivutio vya jirani navyo havikusahauliwa: kinu cha maji kizunguke kwa mwendo wa heshima, na korongo wa kivukoni asimame kwa mguu mmoja, saa nne hadi saa kumi.

“Mguu upi?” aliuliza Veit, mwendesha kivuko.

“Usinitanie, Veit,” alisema Irmtraud Hauck. “Soma chini.”

Chini iliandikwa kwamba jiwe likianguka bila kibali, lango la gofu litafungwa na mtunza lango atahama siku hiyohiyo. Mtunza lango alikuwa Irmtraud. Chumba cha juu ya lango kilikuwa nyumba yake kwa miaka ishirini na miwili, naye hakuwa na kingine. Tena alikuwa mtu wa sheria: taa nyekundu ikiwaka, alingoja, hata barabara ikiwa tupu na mvua inamwagika.

Jumatano jiwe likaanguka. Irmtraud akaliandikia ripoti.

“Mama wee!” Veit alishika kichwa. “Si ungelitumbukiza mtoni tu?”

“Na nikiulizwa?”

“Nani akuulize, samaki?”

Alhamisi, saa nne kamili, akafika Dakta Ottmar Kniebel wa Ofisi ya Utulivu wa Magofu. Kabla ya kufunga lango ilibidi aorodheshe kila kilichomo ndani ya kuta, kwani kikishaandikwa kinakuwa mali ya gofu na hakisogezwi bila kibali. Dakta hakuwa mtu wa kulipua kazi. Alihesabu mawe, akahesabu nyasi kwa makadirio. Alipofika kwenye safu ya viumbe, akatazama huku na huku, akaandika, akatia sahihi, akagonga muhuri.

“Haya, Bi Hauck, fungasha. Nakusikitikia, lakini sheria ni sheria.”

Irmtraud alikuwa ameshika nakala yake. Machozi yalimlenga, lakini aliisoma yote, kama anavyosoma kila karatasi.

“Samahani, Dakta. Siwezi kutoka.”

“Huwezi au hutaki?”

“Nimo kwenye orodha. Viumbe: paka mmoja, mtunza lango mmoja. Kusogezwa ni mpaka kwa kibali.”

Dakta akafikiri. Hoja ilikuwa safi, na hoja safi ilimgusa moyo. “Kweli. Basi naenda ofisini kukuandikia kibali.”

“Na afisa mmoja,” Irmtraud alimalizia kusoma.

“Afisa gani?”

“Wewe, Dakta. Mwandiko ni wako.”

Dakta alichukua karatasi, akaisoma, akaigeuza nyuma kutafuta msamaha. Hakukuwa na msamaha.

“Kibali anatoa nani?” aliuliza Veit kutoka langoni.

“Mimi,” alisema Dakta kwa sauti ndogo. “Ana kwa ana. Ofisini.”

“Si uruke tu hapo kizingitini, mzee! Hatua moja! Sisi tutafumba macho.”

Dakta alimtazama kama mtu aliyetukaniwa mama. Akarudi uani, akaketi juu ya jiwe, taratibu, asilisogeze.

“Tumezoea kuona mtu akiisha mpaka akawa gofu la mtu,” alisema Veit. “Huyu kajiandikisha mwenyewe, tena mnene.”

Irmtraud alimpelekea mkate wa vitunguu, ungali moto, na blanketi. Kisha akapanda chumbani kwake, kwa kuwa sheria sasa ilimkataza kukaa kwingine.

Wiki iliyofuata, lango likiwa bado wazi kwa kuwa wa kulifunga ndiye aliyeketi uani, watalii walianza kulalamika kwamba kivutio kimoja hakina maelezo. Irmtraud akatengeneza kibao: “Kniebel, afisa. Karne ya ishirini na moja. Tafadhali usiguse.”

Dakta alikisoma mara mbili, uso ukamkunjamana.

“Hiki hakifai, Bi Hauck,” alisema. “Umesahau kuandika Dakta.”