Mwezi Huu Sikuwa na Msiba

Kwako Mkubwa wa Ofisi ya Gesi (na kama mkubwa ni mwanamke, afadhali, utanielewa haraka),

Shikamoo sikupi. Umri wako siujui, lakini kwa kazi mnayofanya nadhani wewe ndiye wa kuniamkia mimi. Marahaba yako nimekuwekea hapa, siku ukiniamkia utaikuta.

Mimi ni mteja wenu wa nyumba ya chini, yenye geti la kijani. Bili yenu nimeibana na barua hii kwa pini. Pini naomba irudi.

Nakuandikia kwa heshima zote zilizobaki, na hazikubaki nyingi. Barua naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mjukuu alitaka kunichapia kwenye kompyuta nikamkatalia, maana ana tabia ya kulainisha maneno ya watu. Shule yangu ilikuwa fupi, kwa hiyo ukikuta herufi imelala, iamshe uendelee kusoma.

Habari yenyewe ni hii. Bili yenu ya mwezi huu imekuja kubwa mpaka mwanangu wa kwanza amesema nimeanza kuchanganyikiwa. Yeye anauza bima ya moto, akiona kiberiti anaona nyumba inateketea. Alikuja Jumapili, akaikuta bili mezani, akaisoma akiwa amesimama, kisha akaingia jikoni akaanza kunusa pembe zote kama paka aliyepotelewa na samaki. Aliporudi akaniambia, kwa ile sauti watu wanayowasemeshea wagonjwa, "Mama, unasahau jiko likiwaka." Mwisho wa mwezi anakuja na fundi wa kung'oa jiko langu. Nitaachiwa birika la umeme, na chakula kitakuwa kinaletwa kutoka kwake kwenye vikopo vya plastiki. Mkwe wangu ni mtu mzuri sana. Chakula chake ndicho kinachomwangusha.

Kwa hiyo elewa vizuri kwamba kinachogombaniwa hapa ni jiko langu. Nimelipikia watoto watano, baba yao, na watu wa baba yao ambao walikuwa hawaalikwi lakini wanajua saa ya kula. Haliondoki kwa sababu ya karatasi yenu.

Malalamiko yangu nayapanga kwa namba, ili msije mkasema mmeruka moja kwa bahati mbaya.

1. Mmenifanya nitafute tundu ambalo halipo. Bili ilipofika sikukimbilia kulaumu mtu. Nilisema labda bomba linavuja. Nikachukua sabuni, nikaipiga povu, nikalipaka bomba zima, kutoka linapoingilia ukutani mpaka kwenye jiko, kama kinyozi anavyompaka mtu ndevu. Nikavaa miwani nikalikodolea macho. Gesi ikivuja, povu hufura. Halikufura hata chembe. Bomba langu ni zima, na sasa ni safi kuliko meza zenu za ofisini. Sabuni ile sijawadai bado.

2. Mmenigombanisha na Mama Pacha wa ghorofa ya juu. Bomba lilipokuwa zima, nikasema basi kuna mtu ananinyonya. Nikafunga koki yangu, nikapanda ngazi na goti hili mnalolisikia mpaka huko ofisini, nikaenda kukaa jikoni kwa Mama Pacha nione kama moto wake utafifia. Akaniangalia weee, akaniuliza, "Bibi, umekuja kunisalimia au kunichunga?" Nikamwambia yote mawili, sikuona sababu ya kudanganya. Moto wake haukutikisika. Maharage yake yaliiva mbele ya macho yangu na hakunipa hata ya kuonja. Tangu siku hiyo tukikutana getini ananisalimia kwa mgongo. Na huyu ndiye mtu anayenichukulia dawa zangu mvua ikinyesha. Mvua ikija, dawa atanichukulia nani, wewe?

3. Mmenifanya nimshuku mjukuu wangu. Alikuwa anakuja kwangu kuoga, anadai kwao maji ya moto hayana nguvu. Nilimsimamia mlangoni nikawa napiga kelele kwamba gesi inakwisha. Sasa anaoga kwao. Nyumba imekuwa kimya mno, na bili haikupungua.

4. Simu yenu. Nilipopiga nilichezewa muziki mpaka uji ukaganda. Kisha akaja binti mmoja mwenye sauti ya kupaka mafuta, akaniita "mpendwa mteja." Nikamwambia mapenzi tuyaache, anieleze bili. Akatafutatafuta, akasema, "Bibi, hii imekadiriwa na mfumo." Nikamwambia aniitie huyo Mfumo nizungumze naye. Akacheka. Mimi sikuwa nachekesha. Siku hizi kila ofisi nikienda, benki, hospitali, maji, kuna huyo huyo Mfumo. Yeye ndiye anayekosea kila kitu, hana kiti, hana simu, na hafukuzwi kazi. Mngekuwa na mtoto wa namna hiyo nyumbani mngemchapa.

5. Hapa ndipo pananiuma, kwa hiyo soma taratibu.

Nilimbana yule binti aniambie huyo Mfumo amekadiria kwa kutazama nini. Kukadiria maana yake ni kubahatisha, na anayebahatisha lazima awe ameangalia mahali. Akaniambia wanatazama mwezi kama huu wa mwaka jana, wanaandika ileile.

Mwaka jana mwezi kama huu mume wangu alifariki.

Nyumba ilijaa. Jiko liliwaka pande zote nne kuanzia alfajiri mpaka watu walale. Chai ya wanaofika, chai ya wanaoondoka, wali wa waliokuja kulia na wali wa waliokuja kula tu. Ndugu za marehemu walioga maji ya moto kana kwamba huko kwao maji hayajavumbuliwa. Wifi yangu aliinjika sufuria kubwa la maji siku aliyofika na akaliepua siku ya kuondoka, na mpaka leo hakuna anayejua yalikuwa maji ya nini. Sikumzimia, kwa sababu alikuwa analilia palepale pembeni yake, nikaona labda mvuke unamsaidia. Bili ya mwezi ule ilikuja nene. Watoto wakachanga, tukalipa, hatukufungua mdomo, maana gesi ile tuliichoma kweli.

Sasa mwaka umezunguka, Mfumo wenu ameamka usingizini akasema huyu bibi mwezi kama huu huwa anapika sana. Ati huwa. Kana kwamba mimi nina mtindo wa kufiwa kila mwaka. Mwezi huu sikuwa na msiba. Mwezi huu nimepika uji wangu, mboga kidogo, na chai kikombe kimoja, kwa sababu wa kikombe cha pili hayupo. Lakini kwenye mashine zenu mwezi ule umerudi mzimamzima, na masufuria yake, na wageni wake, na wifi yangu na maji yake. Haya. Kama umerudi, mleteni na yule tuliyemlilia. Akiingia tu kwa lile geti nitalipa bili yote na nyinyi wenyewe nitawapikia. Kama hamna uwezo wa kumleta, ondoeni na wali wake kwenye bili yangu.

6. Hili nilipaswa kulitanguliza, hasira ikanipitiliza. Binti aliniambia mnabahatisha kwa sababu mita yangu haijasomwa karibu mwaka mzima. Na huyo msomaji wenu anayelipwa kuisoma amelala wapi? Mimi sitoki ila kwenda kliniki na sokoni. Angekuja ningemwona, ningempa kiti na maji ya kunywa, ningemshikia hata tochi. Ni mvivu. Mwachisheni kazi, au mumpe cheo, maana naona huko kwenu ndivyo mnavyofanya.

Sasa nasema ninachotaka.

Kama kukadiria ni halali kwa mwenye gesi, ni halali kwa mwenye jiko. Na mimi nimekadiria malipo yangu. Nimetazama mwezi mmoja tu, kama Mfumo, ule mwezi niliolazwa kwa ajili ya nyonga, jiko halikuwashwa hata kupasha maji. Kwa hesabu hiyo siwadai wala hamnidai, na ninategemea risiti. Tukikubaliana, nitapeleka utaratibu huu kwa muuza nyama, naye nimlipe kwa kutazama wiki niliyokuwa naumwa jino. Na wewe Mkubwa, mshahara wako wa mwezi huu waukadirie kwa kutazama siku ambazo simu yenu ilipokelewa. Utakuja kwangu kuomba uji, na nitakupa, maana mimi si kama nyinyi.

Ikiwa hesabu hiyo inakutia joto, basi fanya jambo moja dogo. Mwandikie mwanangu. Mwandikie kwa karatasi yenye mhuri, maana yeye neno la mama yake halimwingii mpaka ligongwe mhuri. Mwambie bili ile ni ya kubahatisha, hakuna jiko lililosahauliwa likiwaka, mama yake anazima jiko, anafunga koki, na anarudi kuhakikisha ameifunga. Mwambie fundi akae kwake. Anwani ya mwanangu nimeiandika nyuma ya bili. Ifike kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sababu jiko likishang'olewa hata mkinitumia mkuu wa nchi halirudi, nawajua wanangu.

Nisalimie wafanyakazi wote wa hapo, wanaofanya kazi na wanaosaini tu. Yule binti wa simu mwambie nilimfokea lakini sauti yake nzuri, aipeleke mahali penye faida. Msalimie mkeo au mumeo, na watoto, na wazazi wako kama wapo hai. Kama wapo, watembelee, uwaache na jiko lao. Mfumo simsalimii.

Ni mimi, ambaye akili yangu inasoma vizuri kuliko mita yenu,

Bibi wa Geti la Kijani

Nyongeza: Nilikuwa nabandika bahasha nikasikia kishindo uani. Nimekwenda nimemkuta kijana amejipenyeza nyuma ya shuka nilizoanika, ameinama ukutani na tochi na kimashine mkononi. Eti amekuja kusoma mita. Wezi wa mtaa huu wote siku hizi wanasema hivyohivyo. Mwezi uliopita alikuja mwenzake na maneno hayohayo nikamtoa na ufagio, na kabla yake mwingine, na kabla yake mwingine. Zamani marehemu ndiye aliyekuwa anawafungulia, alikuwa mtu wa kuamini watu. Tangu nibaki peke yangu, kabla ya huyu hajausogelea ukuta ule hata mmoja. Huyu wa leo nimemmwagia maji ya kuoshea vyombo, na uone wizi ulipofika, shingoni alikuwa amejitundika kadi yenye picha yake na jina la ofisi yenu. Kwenye ile barua ya mwanangu naomba na hili mliweke, ajue mama yake yuko macho.