Idara ya Pole na Pongezi Yaanza Kuuliza

Ieleweke kwanza kwamba Serikali ina huruma. Ina huruma nyingi kiasi cha kuhitaji idara nzima ya kuisambaza, yenye ghorofa mbili, mihuri saba na dirisha moja la wananchi ambalo hufunguliwa likikumbukwa. Hiyo ndiyo Idara ya Pole na Pongezi. Aliyefiwa hupewa pole, aliyejifungua hupewa pongezi, na aliyestaafu hupewa yote mawili ili asichague. Mwaka huu Idara ilitangaza mapinduzi makubwa: salamu zote zitatumwa na programu kwa barua pepe, bila kuguswa na mkono wa mtu.

Mkono huo usiogusa ulikuwa wa Fundi, dada mmoja wa chumba cha chini, aliyeiandika programu peke yake huku feni ikimpulizia vumbi. Mkataba wake ulikuwa unakwisha mwisho wa mwezi, na wa kuutia sahihi upya alikuwa Mkurugenzi.

Maneno ya salamu aliyatunga Mkurugenzi mwenyewe, na Mkurugenzi alikuwa mtu wa madoido. Kila neno alilolipenda alilifungia ndani ya alama za kunukuu zilizojikunja, na kila alipovuta pumzi aliweka kistari kirefu. Bila madoido, alisema, huruma inaonekana ya bei nafuu.

Wiki ya kwanza tu, mjane mmoja akafika dirishani na barua yake iliyochapwa mkononi.

"Nisomee hii, mwanangu. Miwani ninayo, ila nataka niisikie kwa mdomo wa mtu."

Fundi, aliyeitwa dirishani, akasoma: "Serikali ?imesikitishwa? ? tena sana ? na kifo cha mume wako ?mpendwa?."

"Sasa mimi nijibu nini?" mjane akauliza. "Kama imesikitishwa ama haikusikitishwa, nitajuaje mimi? Na huyo mpendwa, nimekaa naye miaka thelathini na minane, leo ndiyo mnaniuliza?"

Fundi aliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Akamshika mkono, akamwahidi barua safi kabla ya mwezi kwisha.

Ugonjwa aliujua siku hiyohiyo. Programu ilikuwa inatuma barua kwa mfumo wa zamani wa herufi, unaojua alama chache tu za kawaida. Ikikutana na doido la Mkurugenzi, inaweka alama ya kuuliza na kwenda zake. Kosa lilikuwa la Fundi: aliijaribu kwa maneno yake mwenyewe, na maneno yake hayakuwa na madoido. Dawa ilikuwa mstari mmoja, wa kuiambia programu itumie mfumo mpya unaozijua alama zote, na kuutaja mfumo huo kichwani mwa barua ili kompyuta ya mpokeaji isome bila kubahatisha. Kazi ya dakika mbili na sahihi moja ya Mkurugenzi.

"Mstari mmoja?" Mkurugenzi alishangaa. "Unadhani Serikali ni shati, mtu akiona uzi anavuta?"

Akaunda kamati. Haraka ilihitajika kweli, maana wananchi, ambao hawajawahi kuulizwa chochote, walikuwa wameanza kujibu. Baba mmoja aliyeulizwa kama ana ?furaha? ya kupata mapacha alijibu kwamba alikuwa nayo siku ya kwanza.

Fundi akaitwa mbele ya wajumbe tisa na chupa tisa za maji.

"Nani amekutuma uweke maswali kwenye kauli za Serikali?"

"Hakuna, mheshimiwa. Kompyuta haikuijua ile alama, ikaweka..."

"Haikuijua, au uliifundisha ijifanye haijui?"

"Kosa ni langu, sikatai. Nipeni dakika mbili nilirekebishe."

"Amekiri!" akasema Mkurugenzi, na katibu akapigia mstari.

Uamuzi ulikuwa wa busara. Fundi ataondoka mwisho wa mwezi. Programu, kwa kuwa ni kielelezo, isiguswe hata nukta. Na barua zote za Idara, bila kubagua, zipitie humo humo ili ushahidi uwe wa kutosha.

Sasa, muda wa Mkurugenzi nao ulikuwa unakwisha mwisho wa mwezi huohuo. Akamwandikia Waziri barua ya kuomba aongezewe miaka mitano, akashuka nayo mwenyewe chumba cha chini.

Fundi aliyaona madoido yalivyojipanga. Angeweza kunyamaza, lakini hakulelewa hivyo. "Mheshimiwa, hii ikipita humu itaharibika. Niruhusu ule mstari."

"Kamati imesemaje?"

"Nisiguse hata nukta."

"Basi tuma."

Fundi akatuma.

Waziri alikuwa mtu wa kazi, akiulizwa hujibu. Majibu yalirudi Ijumaa ya wiki hiyohiyo: "Nimefarijika kuona kiongozi anayejihoji. Umeuliza kama wewe ni ?mwaminifu?. Bado tunachunguza. ?Hodari?: hapana. Umeuliza pia, ?Hakuna mwingine wa kukalia kiti hiki?? Yupo, anaanza Jumatatu."

Jumatatu saa mbili asubuhi Mkurugenzi mpya, mama mmoja asiyependa vikao, alitia sahihi mbili akiwa amesimama: moja ya ule mstari, nyingine ya mkataba wa Fundi. Saa tatu mjane alikuwa dirishani, barua yake safi kifuani, akifuta machozi kwa upindo wa kanga.

Nyuma yake alisimama Mkurugenzi wa zamani. Jina lake lilikuwa limeingia kwenye orodha ya wastaafu tangu Ijumaa, na programu, kabla haijatibiwa, ilikuwa imeshampelekea salamu zake.

"Binti," alimwambia Fundi kwa sauti ya chini, "hapa pameandikwa Serikali ?inathamini? ? tena sana ? mchango wangu. Sasa inathamini au haithamini?"

Mjane akageuka.

"Hata mimi waliniuliza hivyohivyo," alisema kwa upole. "We jibu tu, baba. Mwenyewe unaonaje?"

Mkurugenzi akaisoma barua tena, toka juu hadi chini. Maneno yote yalikuwa yake.