Mbegu Juu ya Ncha ya Sindano

Jumatatu, 3 Machi
Profesa kaleta mbegu. Moja tu! Ndogo kama nukta, imetoka kwenye chungu kilichozikwa kabla babu wa babu yangu hajazaliwa. Anataka kujua kama kiini kimesalimika ndani. Kazi yangu: kuisimamisha kwenye ncha ya sindano, hadubini ya eksirei iizungushe saa nzima. Ikisogea hata unywele, picha ni ukungu mtupu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Mkono-Pamba, dada wa meza ya pili asiyetetemeka vidole, akakohoa. Kikohozi cha dharau. Nakijua.

Jumanne, 4 Machi
Nilitia gundi tone zima, kwa usalama. Ilipokauka ikaivuta mbegu upande. Picha: mbegu tatu, zote zimelewa! Mkono-Pamba akauliza kama niliipiga nikiwa nakimbia. Nina mpango.

Jumatano, 5 Machi
Nimechukua rangi ya kucha ya mke wangu. Nyekundu. Hukauka upesi! Mbegu ikasimama wima kama askari. Nikainama kuifurahia kabla rangi haijashika. Nikapiga chafya.
Mbegu haipo.
Nimetambaa chini ya meza hadi saa ya kutoka. Profesa akaingia, akauliza nafanya nini. Nikasema nakagua sakafu. Akanisifu kwa usafi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Alhamisi, 6 Machi
Sikuweza kula. Mbegu imevumilia miaka yote hiyo, ije ipotezwe na mafua yangu! Nikamweleza Mkono-Pamba kila kitu. Nilingoja acheke. Akanikodolea macho kidevuni.
“Kaka, usipumue.”
Akainua kibano, akachomoa kinukta chekundu kwenye ndevu zangu. Nimelala nayo!
Akaisafisha, akaitia kwenye kijibomba chembamba cha plastiki, nyuzi za pamba juu na chini, akaiacha itulie kwanza. Saa nzima haikusogea. Na picha! Kiini kizima, majani mawili madogo yamekunjwa kama viganja vya mtoto mchanga. Profesa alilia. Mkono-Pamba akasema tumefanya wote wawili. Habari za ndevu hakuzitaja. Dada wa watu!

Ijumaa, 7 Machi
Profesa bado ananiamini: mayai ishirini ya kipepeo, mepesi kama vumbi. Mkono-Pamba yuko likizo. Kaniachia maagizo, moja moja, taratibu, wiki nzima.
Wiki nzima ya nini? Yote ishirini, sindano moja, leo leo! Atarudi akute picha ukutani. Nimeshawasha na feni, gundi ikauke haraka.